Nyumba nayo ni kinga

Mei 4, 2020, matingatinga yalibomoa nyumba Kariobangi, Nairobi, licha ya amri ya mahakama kwamba wakazi wasiondolewe. Wakati huo corona ilikuwa imeingia, watu wakihimizwa kukaa nyumbani na kunawa mikono, na kafyu ikianza saa moja jioni. Maelfu walibaki nje kwenye mvua, watoto wakiwamo.

Familia ikifukuzwa, hukimbilia kwa shangazi au rafiki. Chumba cha watu wanne sasa kinalaliwa na tisa. Mmoja akikohoa, wote wanavuta hewa ileile, na bibi mwenye kisukari yumo humo humo.

Marekani, madhara hayo yalipimwa. Majimbo mengi yalipiga marufuku kufukuza wapangaji, lakini 27 yakaiondoa marufuku hiyo kabla ya Septemba 2020. Utafiti ulioongozwa na Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, ulikadiria kuwa kuiondoa kuliongeza wagonjwa 433,700 na vifo 10,700.

Marufuku haifuti kodi. Deni hubaki, na mwenye nyumba naye ana watoto wa kulisha. Ndiyo maana serikali ya Marekani ilitenga pia fedha za kuwasaidia wapangaji kulipa.

Mzazi, kodi ikianza kukushinda, zungumza na mwenye nyumba mapema na mwandikiane mtakavyolipana. Ukiwapokea ndugu waliofukuzwa, fungueni madirisha, na anayekohoa alale karibu na dirisha, mbali na wazee. Deni hulipika, aliyekufa harudi.