Kompyuta Kuukuu za Ofisini: Ziende Wapi?

Mwaka jana chama chetu kilikuwa kinatafuta nauli ya kwenda kwenye kongamano la Kiswahili. Mwenzetu mmoja, hodari wa kubuni njia za kupata pesa, akakumbuka bohari iliyo nyuma ya maktaba. Humo mlikuwa na tarakilishi tisa zilizotolewa ofisini, skrini nne za kichogo, mashine moja ya fotokopi iliyonyamaza tangu tulipokuwa kidato cha kwanza, na visanduku vitano vya yupiesi, vile vinavyoikopesha tarakilishi umeme stima zinapopotea. "Tumwite mwenye mizani," akasema. "Chuma ni chuma." Tukampigia makofi. Nami nilipiga makofi. Sitaki kujifanya mwerevu wa tangu tumboni.

Jioni ile nilimsimulia ami yangu, ambaye ni fundi wa redio na kompyuta hapa Malindi. Wakati wa likizo mimi humshikia bisibisi. Hakunijibu. Aliinama chini ya meza, akatoa kompyuta aliyoinunua kutoka hoteli moja ya pwani iliyofunga milango, akaichomoa diski yake na kuiunganisha na mashine yake ya kazi. Mwenye mali alikuwa amekwisha "kufuta kila kitu" kabla ya kuuza. Ami akawasha programu ya kurejesha faili, tukanywa chai. Chai haijaisha, yakaanza kujitokeza: orodha ya mishahara, nakala za pasipoti za wageni, picha za vitambulisho vya wafanyakazi, na barua ya daktari kuhusu maradhi ya mpishi mmoja. Mpishi huyo huenda tunapishana naye sokoni kila siku. Ami akaizima upesi, akaniambia, "Mwanangu, chombo hiki kimekufa, lakini hakijasahau."

Usiku huo sikulala vizuri, maana nilikuwa nikiwaza zile tisa za bohari letu. Ndani yake mna nini? Alama zetu za mitihani, ndiyo. Lakini pia mna majina ya wenye madeni ya karo, barua za wazazi kueleza shida za nyumbani, na mwanafunzi fulani aliyepewa ruhusa ya kwenda hospitali kwa sababu ambayo hakutaka sisi tuijue. Yote hayo tulikuwa tunataka kuyauza kwa kilo.

Hebu kwanza tueleze kwa nini kufuta si kufuta. Ukifuta faili, tarakilishi haiondoi maandishi yenyewe. Huondoa tu jina la faili kutoka kwenye orodha yake, na kuandika kwamba nafasi ile sasa iko wazi. Ni sawa na kung'oa kibao chenye jina la mtaa: mgeni atapotea, lakini nyumba zote zingali zimesimama, na anayejua kubisha hodi atafunguliwa. Hata ile njia ya haraka ya "kuiformati" diski nzima hufanya vivyo hivyo. Nyumba hubomoka pale tu maandishi mengine yanapoandikwa juu yake. Kwa hiyo fundi mwaminifu hutumia programu inayojaza diski yote, kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa sifuri tupu. Kazi hiyo huchukua saa kadhaa. Kwa diski ya zamani inayozunguka, mara moja inatosha.

Diski za siku hizi zisizozunguka zina ujanja wake. Zenyewe huhamisha data huku na huku ili zisichakae upande mmoja, kwa hiyo ukiandika juu huenda usifike kila kona. Hizo zina amri yake maalumu ya kujifuta, iliyowekwa na watengenezaji. Na kama diski imeharibika hata haiwaki, basi haifutiki kwa programu yoyote, na hapo ndipo keekee inapohitajika: itobolewe sahani zake, au ivunjwe vipande kiwandani. (Ukijaribu mwenyewe, vaa miwani ya fundi. Sahani nyingine ni za kioo, na ami ana kovu la kuthibitisha hayo.) Wengi husahau pia mashine ya fotokopi. Mashine nyingi kubwa za kidijitali zina diski ndani, na nakala za kila ulichopiga zinaweza kubaki humo.

Msidhani haya ni ya hoteli ndogo za kwetu tu. Mwaka 2009 wanafunzi wa uandishi wa habari kutoka Kanada walikwenda Ghana, wakanunua diski kuukuu sokoni. Katika moja wakakuta nyaraka za Northrop Grumman, kampuni ya Marekani inayotengeneza silaha. Kama kampuni ya silaha husahau, sembuse karani wetu?

Hapa Kenya sheria ipo. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamtaka anayeweka habari za watu azilinde, na asikae nazo zaidi ya muda unaohitajika. Anayekiuka anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 5, au asilimia 1 ya mapato yake ya mwaka uliotangulia, ipi iliyo ndogo. Kutupa diski bila kuisafisha si kuzilinda habari hizo.

Sasa nakuja kwenye jambo la pili, ambalo kwangu ni zito kuliko la kwanza, nalo ni lile jibu la "chuma ni chuma". Si kweli. Kioo cha skrini moja ya kichogo huweza kuwa na zaidi ya kilo moja ya madini ya risasi. Skrini bapa za awali zina taa nyembamba nyuma yake, na ndani ya taa hizo mna zebaki. Betri ya kompyuta ya mkononi ukiitoboa huwaka moto. Na nyaya, ambazo ndizo mwenye mizani huzipenda kwa sababu ya shaba yake, huchomwa ili plastiki iondoke; moshi wake una sumu za jamii ya dioksini. Moshi ule mweusi tunauona. Watoto wadogo ndio huchoma, kwa sababu wao hulipwa kidogo na hawaulizi maswali.

Fikirini pia ardhi yetu. Kutoka Kilifi hadi Malindi sehemu kubwa ya ukanda wa pwani tumekaa juu ya jiwe la matumbawe, nalo limejaa vitundu. Mvua ya masika ikinyesha, maji hayakai juu. Huzama mara moja na kwenda zake chini, na humo chini ndimo mlimo na maji ya visima vyetu. Yatakayozama nayo ni yale tuliyoyaacha juu.

Lakini nilipoanza kuuliza uliza, watu walinijibu: "Basi zipelekwe zikachakatwe upya, si ndiyo mazingira hayo?" Hapo naomba tutulie kidogo, kwa sababu si mbali na hapa liko funzo lililolipiwa kwa maisha ya watu.

Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, mwaka 2007 kulianzishwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata risasi. Kazi yake ilikuwa hiyo hiyo ya kuchakata upya. Moshi ukaingia majumbani na maji machafu yakapita mtaani. Mwaka 2009 mama mmoja, Phyllis Omido, aliajiriwa humo. Mtoto wake mchanga akaugua, akapimwa, ikagunduliwa ana risasi mwilini. Mama huyu akaacha kazi, akaanza kuwaunganisha majirani. Kiwanda kilifungwa 2014, naye akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2015. Wakazi walikwenda mahakamani, na Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa ikaamua walipwe shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaiondoa tuzo hiyo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Hesabuni wenyewe miaka. Mtoto aliyezaliwa kiwanda kikifunguliwa alikuwa keshatimiza umri wa kumaliza sekondari. Na risasi haina huruma kwa watoto: hudhuru ubongo, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama.

Sasa rudini kwenye bohari letu. Zile yupiesi tano, mnajua ndani mna nini? Betri za risasi na asidi, ndugu moja na zile zilizoyeyushwa Owino Uhuru. Ndiyo maana nasema neno "kuchakata" peke yake si hirizi. Swali ni nani anachakata, wapi, na moshi wake unakwenda wapi.

Anayefanya vizuri hufanyaje? Hafungui tanuri uani. Kwanza hutazama kama chombo kinaweza kutumika tena, kwani tarakilishi inayofanya kazi miaka mitatu zaidi ni bora kuliko iliyovunjwa kwa ustadi wote. Kisha husafisha diski na kutoa hati yenye namba ya kila diski, ili mwenye mali awe na ushahidi. Halafu hufungua kwa bisibisi, si kwa nyundo: chuma mbali, plastiki mbali, shaba humenywa kwa mashine bila moto, bodi zenye dhahabu kidogo hupelekwa kwa viwanda vyenye uwezo wa kuzitenganisha, na vioo na betri huwekwa peke yake. Huwa ana leseni ya NEMA, na haoni vibaya ukiomba kuiona. Nairobi kipo WEEE Centre, kilichotokana na shirika la Computers for Schools Kenya, ambalo limekuwa likikarabati tarakilishi kwa ajili ya shule tangu 2002. Aidha, Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inawabebesha watengenezaji na waagizaji sehemu ya mzigo huu, jambo la haki kabisa, kwani wao ndio waliokula faida ya kwanza.

Shida yetu pwani ni umbali. Mwenye mizani yuko hapo kona na analipa leo; Nairobi ni safari na gharama. Naye si adui, ana watoto wa kulisha kama wengine. Mabati matupu ya tarakilishi, yaliyotolewa kila kitu, anaweza kuyachukua bila madhara, maadamu ana leseni chini ya Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015. Duniani kote mambo si mazuri zaidi: mwaka 2022 taka za elektroniki zilifikia tani milioni 62, na zilizothibitishwa kukusanywa na kuchakatwa ipasavyo hazikufika robo.

Nililipeleka jambo hili kwenye mkutano wa chama. Palikuwa na kelele, maana nauli ni nauli. Mmoja aliuliza kama mimi nitawabeba mgongoni hadi kwenye kongamano. Mwishowe mlezi wetu alikwenda kwa mwalimu mkuu akiwa na maelezo haya mkononi, kidogo mabaya kuliko mnavyoyasoma hapa. Ami alizifufua tarakilishi mbili, sasa ziko maktaba. Diski nyingine saba tulizitoa wenyewe Jumamosi moja, tukaandika namba zake daftarini, zimo ndani ya mkebe wa biskuti katika kabati la mlezi, chini ya kufuli. Mabati tuliyauza, yakatupa nauli ya watu watatu kati ya kumi. Waliosalia tuliuza mabuyu na bhajia hadi tukatosha.

Skrini, fotokopi na zile yupiesi tano zingali bohari, juu ya mbao ili zisiguse maji. Shule mbili jirani nazo zina za kwao, na mlezi anazungumza nazo ili tukodi lori moja hadi Nairobi. Shule au ofisi yoyote iliyo na mzigo kama huo na imesoma hadi hapa, lori bado lina nafasi.