Krismasi ya Mr. Bean, kutoka London hadi Sirari na Mugumu (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliona kwa nini televisheni za Uingereza hutengeneza kipindi maalumu cha vichekesho kila Krismasi. Siku ile treni za London hazitembei, maduka yamefungwa, giza linaingia saa kumi jioni, na familia ikishakula mchana haina pa kwenda isipokuwa sebuleni. Katika msimu huo wa sikukuu, kipindi kimoja cha vichekesho vya Only Fools and Horses, kilichorushwa Desemba 29, 1996, kilitazamwa na watu zaidi ya milioni 24. Leo nakuja kwenye kile ambacho wengi wetu wa Tarime na Serengeti tumekicheka hata kama jina lake hatulijui: Merry Christmas, Mr. Bean. Kilionyeshwa mara ya kwanza Desemba 29, 1992 na ITV ya Uingereza. Msomaji asiichanganye na ITV ya Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 1994, wakati Tanzania Bara ilipokuwa ndiyo kwanza inapata televisheni.

Huku kwetu Mr. Bean alikuja kwa kanda, akaingia kwenye mabanda ya video. Anayeyakumbuka mabanda hayo anamkumbuka pia mtafsiri, yule aliyeisimulia filamu ya Kichina au ya Kihindi kwa Kiswahili, na mara nyingine kuitia chumvi kuliko mwenyewe aliyeitunga. Kwa Mr. Bean mtafsiri hakuwa na kazi. Pale Sirari Mkurya, Mjaluo na Mkisii aliyevuka kutoka Isibania walicheka kwa pamoja. Na Mugumu vivyo hivyo Mngoreme, Mwikoma na Mtatoga.

Hilo halikutokea kwa bahati. Rowan Atkinson, aliyemuigiza, alisomea uhandisi wa umeme Newcastle na Oxford, na tangu utotoni amekuwa na kigugumizi. Alimjenga Bean kama mtoto aliyevishwa mwili wa mtu mzima, asiyesema ila kwa kuguna neno moja moja, kisha akamwachia uso ufanye kazi iliyobaki.

Katika kipindi hiki Bean anaingia duka la Harrods na kukuta pango la Bethlehemu limepangwa mezani. Anaanza kuvichezea vile vinyago: anamleta mpiga ngoma, halafu kifaru cha vita, dinosaria, mwisho helikopta. Nimewahi kuwasikia waumini wakilalamika kwamba ni kufuru. Mimi sioni hivyo. Mtoto yeyote wa Nyamongo au Nata akipewa ng'ombe wa udongo na gari la waya atavichanganya katika mchezo mmoja, wala hatakuwa amemdharau yeyote.

Baadaye anashinda bata mzinga katika shindano la kukisia uzito. Anapomjaza viungo tumboni saa yake inadumbukia humo ndani, anaingiza kichwa kuitafuta, na kichwa kinanasa. Hapo ndipo banda lilipokuwa likivunjika kwa kicheko. Lakini hebu mtazame vizuri yule ndege. Ni mkubwa, wa kulisha ukoo. Kwetu nyama ya Krismasi huwa ni mbuzi wa mji mzima, au majirani huchanga fedha, wakachinja ng'ombe na kugawana mafungu. Bean ana ndege wa watu kumi katika chumba cha mtu mmoja, na mgeni pekee anayemtarajia ni Irma Gobb, mpenzi wake.

Kuna tukio moja ambalo kwa miaka mingi nililitazama bila kulielewa, nami naamini wengi wamepishana nalo vilevile. Nyumba nyingi za Uingereza zina tundu mlangoni. Tarishi hupitisha barua hapo, nazo huanguka ndani. Sisi barua zetu husubiri posta, kwenye sanduku lenye namba, basi tundu lile halitusemeshi. Bean anachukua kadi za Krismasi, anaandika, anatoka nje, anazipitisha kwenye tundu la mlango wake mwenyewe. Kisha anaingia ndani na kuziokota kwa furaha ya mtu aliyekumbukwa. Siku moja nilisimamisha mkanda mbele ya watoto nikawaeleza tundu lile ni la nini. Kicheko kilikatika, na mmoja akauliza: "Kwani ndugu zake wako wapi?"

Ndugu zake ni Teddy, yaani dubu wa kitambaa, na panya. Usiku Bean anatundika soksi tatu. Asubuhi soksi ya Teddy ina macho mapya, ya panya ina jibini juu ya mtego, na yake mwenyewe ina soksi ya pili. Irma naye alikuwa amemwonyesha Bean pete katika dirisha la sonara. Bean anamnunulia picha iliyokuwa dirishani humo, na ndani ya kikasha kidogo ambacho Irma anakifungua kwa matumaini mna ndoano ya kutundikia picha hiyo. Irma anaondoka akilia. Si ubahili, Bean hajawahi kuwa na mtu wa kumfundisha maana ya pete.

Kama Bean, Desemba kwetu wapo pia wanaokula Krismasi bila ndugu zao, mbali na nyumbani. Msimu wa saro, yaani sherehe za tohara, unapoangukia likizo, wasichana wanaokimbia kukeketwa hupokewa kituo cha Masanga, Tarime, na nyumba salama ya Mugumu. Sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, lakini sheria haimpikii mtu chakula cha sikukuu. Walezi wa vituo hivyo humpikia, na humo nyimbo huimbwa na ngoma huchezwa. Msimu ukipita mazungumzo na wazazi huanza. Wengi hurudi nyumbani kabla shule hazijafunguliwa. Wengine wazazi wao hukataa kuwapokea, nao hubaki kituoni, wakianza muhula mpya wakitokea hapo.