Kidole Hakina Jina la Kupanga

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Walikuwa wakisema juu ya biashara, juu ya karafuu na nazi na majora ya nguo. Hawakusema lolote juu ya binadamu kutiwa yeye mwenyewe daftarini. Hata hivyo daftari hilo lipo, na serikali ya Kenya hulitunza: ni kumbukumbu za jinai, zilizo chini ya Idara ya Upelelezi wa Jinai. Leo, ndugu msomaji, na tumtazame mtaalamu anayelishika daftari hilo. Tutamtazama tukiwa Kisumu na kando ya Ziwa Viktoria, kwani huko kazi yake ina historia ndefu, na huko faida yake na madhara yake huonekana waziwazi.

Tuanze na majina. Waluo humpa mtoto jina kwa wakati aliozaliwa. Wa usiku ni Otieno, wa jioni ni Odhiambo, wa asubuhi jua likishapanda ni Onyango, wa jua kali ni Ochieng, na wa mvua ni Okoth. Ni desturi nzuri, maana mtu hutembea na saa yake ya kuzaliwa. Lakini kwa mwenye daftari ni mtihani. Ukiita "Otieno!" katika soko la Kibuye, ni wangapi watakaogeuka? Na sisi wa Mombasa hatuna la kuwacheka, kwani ukimwita Mohamed Ali mlangoni pa msikiti baada ya sala, nusu ya safu itakuitikia.

Zaidi ya hayo, mvuvi humfuata samaki. Mwezi huu yuko Dunga, mwezi ujao Mbita, halafu Usenge, na wengine huvuka mpaka hadi Uganda na Tanzania. Mwenye nia mbaya aweza kujitwalia jina la kupanga katika kila ufuo. Ila kidole hakina jina la kupanga. Mistari iliyo kwenye ncha za vidole hutimia mtoto angali tumboni mwa mamake, na hubaki vile vile mpaka kaburini, isipokuwa kovu likiingia. Hata pacha wa yai moja hawafanani kwa vidole.

HESABU YA VYANDA

Mwananchi aghalabu hukutana na kazi hii anapotafuta cheti cha mwenendo mwema. Mwalimu anayetaka kuajiriwa hukihitaji, dereva wa matatu hukihitaji, na kijana anayekwenda kutafuta riziki Saudia au Qatar hukihitaji pia. Akiwa Kisumu huenda Huduma Centre akatiwa wino, na kila kidole kikabingirishwa juu ya fomu kutoka ukingo hadi ukingo: dole gumba, cha shahada, cha kati, cha pete na cha mwisho, mkono wa kulia kisha wa kushoto. Ulinganishaji hufanyika makao makuu ya idara, Barabara ya Kiambu, Nairobi.

Si kila mkono huandika vizuri. Mwenye kuvuta kamba za nyavu miaka ishirini, na mwenye kufyatua matofali, mistari yao husagika ikawa hafifu kama maandishi ya sarafu ya kale. Mtu wa namna hiyo yafaa aipumzishe mikono siku kadhaa na kuipaka mafuta, kisha ajaribu tena. Mchukua alama mwenye haraka atapata doa jeusi tu, na doa jeusi haliwezi kumtetea mtu wala kumshitaki.

Mtaalamu naye huangalia maumbo matatu makubwa. Kuna kitanzi, ambacho ndicho kingi kuliko yote. Kuna duara, mithili ya maji yanayozunguka nyuma ya kasia. Na kuna tao, ambalo ni adimu. Zamani kabla ya kompyuta, kadi zilipangwa kwa hesabu. Vidole kumi hugawanywa jozi tano, na jozi hizo zina thamani ya 16, 8, 4, 2 na 1. Kidole chenye duara hupata thamani ya jozi yake, na kisicho na duara hakipati kitu. Vidole vya shufwa hujumlishwa kando na vya witiri kando, kisha kila jumla huongezwa moja. Matokeo yake ni vyumba 32 mara 32, yaani 1,024, na kila binadamu ana chumba chake. Badala ya kupekua kadi elfu mia, karani huenda moja kwa moja kwenye chumba kimoja.

Hesabu hiyo ilibuniwa Calcutta, Bara Hindi, ambako afisi ya alama za vidole ilifunguliwa mwaka 1897. Imeitwa kwa jina la mkuu wa polisi Mwingereza, Edward Henry, lakini waliotoa jasho ni wasaidizi wake Azizul Haque na Hem Chandra Bose. Ndiyo dunia: mmoja hupanda, mwingine huvuna jina. Mwaka 1901 hesabu hiyo ikafika London, na mwaka huo huo reli ikafika Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence.

KIPANDE SHINGONI

Wazee wa Nyanza hawakukijua kidole chenye wino kwa njia ya cheti. Walikijua kwa njia ya kipande. Sheria ya kuwaandikisha wenyeji ilipitishwa mwaka 1915 na ikatekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Mwanamume Mwafrika mwenye umri wa miaka 16 na zaidi alilazimika kuchukua karatasi yenye alama za vidole, jina la tajiri wake na mshahara wake, ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inia shingoni. Akitoroka kazi ya mlowezi, vidole vyake vilimfuata. Hakuwa mhalifu, lakini aliandikwa kama mhalifu.

Watu wa ziwani hawakunyamaza. Mwezi wa Desemba 1921 walikutanika Lundha, katika Gem, wakaanzisha chama chao cha vijana wa Kavirondo, na mwenyekiti akawa mwalimu Jonathan Okwiri. Vuguvugu lao likaitwa Piny Owacho, maana yake nchi imesema. Miongoni mwa waliyoyakataa ni kodi ya vibanda, kazi za kulazimishwa, na kipande. Mwaka 1926 idara ya upelelezi ikaundwa katika polisi ya Kenya, ikiwa na sehemu ndogo ya alama za vidole. Na mwishoni mwa miaka ya 1940, sheria mpya ilipotaka watu wa rangi zote watiwe alama sawasawa, walowezi wa Kizungu waliruka wakasema ni fedheha. Miaka thelathini shingo ya Mwafrika haikuwa na fedheha. Dole gumba la Mzungu likawa nayo siku moja.

Hii ndiyo sababu kazi ya kumbukumbu za jinai si ya karatasi tupu. Imezaliwa na mikono miwili. Mkono mmoja ulitaka kumjua mhalifu. Mkono wa pili ulitaka kumfunga kamba asiye na hatia. Anayeishika leo ndiye anayechagua ni mkono upi utakaofanya kazi.

ASIYEKUWEPO NA LAKE HALIPO

Faida yake ni kubwa, wala tusiidharau. Otieno mmoja akiiba, vidole humwokoa Otieno mwingine. Na mtu akishahukumiwa, sheria ya mwenendo wa jinai yaruhusu ulinganishaji wa alama uletwe kortini kuthibitisha kwamba aliwahi kutiwa hatiani, na hapo hakimu hupima adhabu akijua kama huyu ni mara yake ya kwanza au ya tano.

Lakini mtaalamu ni binadamu. Mwaka 2004, baada ya mabomu ya Madrid, wataalamu wa Marekani waliapa kwamba alama iliyopatikana huko ilikuwa ya wakili wa jimbo la Oregon, Brandon Mayfield, ambaye ni Mwislamu. Wakamtia ndani wiki mbili. Wahispania wakasema kidole ni cha mtu mwingine, Mualjeria, na ikawa kweli. Wamarekani wakaomba radhi, na baadaye wakamlipa dola milioni 2. Kompyuta ilikuwepo. Kompyuta huleta wanaofanana. Kuamua ni kazi ya jicho la mtu.

Na kuna kosa jingine, dogo kwa sura lakini lenye kuumiza. Tuseme kijana wa Usenge amekamatwa kwa ugomvi wa nyavu, akatiwa wino, akapelekwa korti ya Bondo, na kesi ikatupwa. Karatasi ya mwanzo ilikwenda Nairobi. Karatasi ya mwisho ikabaki kabatini. Miaka minane baadaye amepata kazi ng'ambo, na daftari lasema bado ana kesi. Yeye hayupo pale kujieleza, na asiyekuwepo na lake halipo. Itambidi aitafute nakala ya uamuzi yenye muhuri wa korti, ailete mwenyewe, na huku nafasi ya kazi haimsubiri.

Sisi tuliosoma chuoni tulifundishwa kwamba kila mja ana waandishi wawili, mmoja kulia na mmoja kushoto, na kwamba toba ya kweli hufuta. Daftari la serikali halijui toba. Uingereza, ambayo ndiyo iliyotuletea daftari hili, ilijitungia sheria mwaka 1974 ili hukumu ndogo za kale zisimwandame mtu maisha yake yote. Ni vyema nasi tujiulize aliyetoka jela ya Kodiaga, akakaa miaka ishirini bila doa, kalamu imseme mpaka lini.

Wakati tukijiuliza, haki iliyopo itumiwe. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 35, yampa kila mtu haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari za uongo au za kupotosha zinazomdhuru. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 yasema mfano wa hayo. Kwa hiyo kesi ikiisha, usitoke kortini mikono mitupu. Dai nakala ya uamuzi, iweke pamoja na cheti cha kuzaliwa, na uulize kama habari zake zimefika kwenye kumbukumbu. Naye karani wa korti na mtunza daftari wakumbuke kwamba kuandika mwanzo wa kesi na kuacha mwisho wake ni kusema nusu ya kweli, na nusu ya kweli juu ya mtu asiyekuwepo ni kumsengenya.