MSUMENO BUTU NDIO UNAOKATA VIDOLE



Niliitwa na wenzetu wa kiwanda kimoja cha kupasua mbao hapa Uganda. Kijana wa miaka ishirini na mitatu alikuwa amekatwa vidole viwili vya mkono wa kushoto. Nilipofika, meneja alikuwa amekwisha kuandika barua yake: ajali imetokana na uzembe wa mfanyakazi. Basi, imekwisha. Nyapara akanionyesha ile barua kama mtu anayeonyesha hati ya nyumba.

Nikasema barua nimeiona, sasa naomba nionyeshwe msumeno.

Mimi nilisukuma mbao kwenye msumeno wa duara miaka tisa kabla ya kuingia kazi ya chama. Nilipoliinamia lile bamba sikuhitaji mtu wa kunieleza. Meno yalikuwa yamelika yakawa duara kama vidole vya mtoto. Ulimbo wa msindano ulikuwa umeganda pande zote mbili, mweusi kama lami. Kile kisu cha chuma kinachosimama nyuma ya msumeno kilikuwa kinaning'inia ukutani kwenye msumari, kimejaa buibui. Tena bamba lenyewe lilikuwa la kukatia ubao kwa kuukingama, na yule kijana alikuwa ameamriwa kupasua kwa urefu. Huo uzembe ulikuwa wa nani?

Wengi wetu tunadhani msumeno ni msumeno tu, mradi una meno. Sivyo. Kupasua ubao kwa kufuata nyuzi za mti kunatoa vipande virefu vya takataka, na takataka hizo lazima zipate mahali pa kukaa mpaka jino litoke upande wa pili. Kwa hiyo bamba la kupasulia lina meno machache, makubwa, yaliyoinama mbele kama kucha za mwewe, na mabonde mapana kati ya jino na jino. Bamba dogo la mm 250 la kupasulia huwa na meno 24 hivi. La kukatia kwa kukingama, la ukubwa ule ule, huwa na 60 hata 80, madogo, hayakuinama sana, ili yakate nyuzi bila kuzichana. Ukilitumia hili la pili kupasulia, mabonde yake yanajaa upesi, unga unasagwa humo ndani, bamba linapata moto, na wewe unazidi kusukuma. Mtu anayesukuma kwa nguvu ndiye anayeangukia msumeno siku ubao utakapoachia ghafula.

Halafu kuna chuma chenyewe. Siku hizi mabamba mengi madogo yana meno ya kabaidi yaliyounganishwa kwenye ncha. Ni magumu sana, yanadumu na makali muda mrefu, na kwa mbao safi na mbao za gundi hayana mpinzani. Lakini ni magumu kama glasi: likigonga msumari, jino linaruka. Wala huwezi kulinoa kwa tupa, linataka jiwe la almasi, na jiwe hilo liko mjini. Kwa magogo yanayotoka shambani na udongo, mawe na vipande vya waya wa ua, bamba la chuma cha kawaida linalonolewa hapo hapo kiwandani, au lile la meno ya kuchomeka, ambalo jino likivunjika unachomeka jingine, linafaa zaidi.

Na mti nao uulizwe. Msindano unaacha ulimbo. Mkaratusi umejaa mvutano ndani yake. Ukiupasua, pande mbili zinapinda na kulibana bamba kama koleo. Mvule ndio wenye hila kuliko yote, kwa maana ndani yake huwa na mawe hasa, chokaa iliyoganda, na huwezi kuyaona kwa nje. Nimeona bamba zuri likiharibika meno kumi kwa pumzi moja kwa sababu ya jiwe la mvule. Unga wa mvule pia unawasha ngozi na kifua. Isitoshe, tangu mwaka 1995 wataalamu wa saratani wa Umoja wa Mataifa wameuweka unga wa mbao katika kundi la vitu vinavyojulikana kuleta saratani kwa binadamu, kwa hiyo barakoa si pambo.

Sasa mwendo. Kila bamba limeandikwa mizunguko ya mwisho kwa dakika, wala lisipitishwe hapo. Kwa bamba la chuma, ncha ya jino huenda kama mita 50 kwa sekunde. Chukua bamba la mm 1200: mzingo wake ni mita 3.77. Likizunguka mara 800 kwa dakika, jino linakwenda mita 50 kwa sekunde, sawasawa. Ikiwa mota ni ya mizunguko 1450, na fundi akafunga puli zinazolingana kwenye mota na kwenye shafti, jino litakwenda mita 91. Hapo bamba linatanuka, linacheza kama sinia lililopinda, na siku moja linapasuka. Mtu wa chama anayeingia kiwandani na kipimo cha futi na kalamu anaweza kulifanyia hesabu hilo kabla ya chai.

Dalili za ubutu kila mtu anazijua, ila tumezizoea. Ubao unatoka na kingo nyeusi. Harufu ya kuungua. Badala ya vipande vidogo unapata unga laini kama wa mhogo. Mota inanguruma. Ukiona hayo, zima, chomoa umeme au toa mkanda, ngoja bamba lisimame kabisa. Usilisimamishe kwa kulikandamiza na kipande cha mti ubavuni. Ndiyo njia ya kulipinda.

Kwanza lisafishe. Mara nyingi tunalaumu makali na kumbe ni ulimbo. Lowesha kwa mafuta ya taa, sugua kwa brashi, futa. Kisha angalia chini ya kila bonde kama kuna ufa. Bamba lenye ufa linatolewa siku hiyo hiyo, hata kama tajiri analia. Ufa huanzia pale ambapo mnoaji aliacha kona kali, kwa hiyo bonde linolewe liwe mviringo, na tupa yenye ukingo wa duara ndiyo ya kazi hiyo. Meno yote yawe ya kimo kimoja. Jino refu linafanya kazi ya wenzake wote na litavunjika. Piga tupa idadi sawa kwa kila jino, pembe ile ile ya kiwandani. Ukitumia jiwe la umeme, gusa kidogo kidogo: chuma kikigeuka buluu kimekwisha kulainika, hakishiki makali tena. Baada ya kunoa mara kadhaa, meno yapindwe upya, moja kulia moja kushoto, ncha peke yake, na pande zote mbili kwa kipimo kimoja. Yakizidi upande mmoja, bamba litakwenda upande huo. Kugonga bamba kubwa kwa nyundo ili likaze sawasawa ni kazi ya fundi aliyejifunza. Usijaribu.

Kuhusu kile kisu cha nyuma: kinazuia ubao usilibane bamba na kurushwa kifuani mwako. Kisiwe mbali na meno zaidi ya mm 8 kwenye usawa wa meza, kiwe kinene kuliko bamba na chembamba kuliko njia inayokatwa. Mahali pake si ukutani. Na mkono ukikaribia bamba, tumia kijiti cha kusukumia.

Meneja aliniuliza, kwa nini basi wafanyakazi hawanoi? Nikamjibu mbele ya nyapara wake: kwa sababu unawalipa kwa ubao. Saa ya kunoa haina senti. Kiwanda kizima kina bamba moja na tupa moja iliyokwisha meno. Nikamfanyia na hesabu yake mwenyewe: bamba linalocheza linakula mm 6 kwa kila mkato, lililonolewa vizuri linakula 4. Katika mikato 25 ya mbao za mm 25 anapoteza mm 50 za mti, yaani zaidi ya ubao mmoja mzima, umekuwa unga. Hapo alinyamaza. Vidole havikumnyamazisha, ubao ulimnyamazisha.

Kwa upande wa sheria, Mkataba namba 119 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1963, unasema mfanyakazi asilazimishwe kutumia mashine bila kinga zake kuwa mahali pake. Nasi hapa Uganda tunayo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006, na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000. Hii ya pili inasema fidia italipwa hata kama ajali ilitokana na uzembe wa mfanyakazi mwenyewe. Someni hapo mara mbili. Barua ya meneja haizuii fidia. Ila taarifa ya ajali itolewe katika muda wa mwezi mmoja, kwa maandishi, na nakala ifike kwa ofisa wa kazi wa wilaya.

Taarifa ya kijana tuliiandika jioni ile ile, akaitia sahihi kwa mkono wa kulia. "Mzee," akaniambia, "mimi nilimwambia nyapara asubuhi kwamba msumeno hausikii." Wenzake watatu waliosikia nao wakaandika majina yao.

Kiwanda kimekubali mabamba matatu, moja kazini, moja kwa mnoaji, moja akiba, na kisu cha nyuma kimerudishwa mahali pake. Saa ya kunoa kulipwa kama saa ya kazi bado wanakataa. Tawi limeandika barua ya pili.