Inchi Tatu Zilizopotea

Fimbo yenyewe ni ya kuvulia samaki, ya vipande vitatu, na vyote vinapaswa kuwa sawa kwa urefu. Fundi alivilaza mezani katikati ya redio zilizofunguliwa, akavisawazisha miguu kwa kiganja, kisha akavuta utepe wa fundi cherehani. Kitako, inchi 36. Cha kati, inchi 36. Ncha, inchi 33. Akaipima ncha mara ya pili, akamgeukia kijana aliyeileta.

"Hii ilivunjika. Nani aliikata?"

Kijana hakujua. Alichojua ni kwamba marehemu babu yake aliiacha darini, na kwamba kile kipande kinene kimekuwa kikitumiwa nyumbani kuangushia maparachichi. Alitaka bei. Fundi akamwambia bei itakuja, kwanza waambiane ukweli.

Mimi nilikuwa nimeingia pale kubadilisha betri ya saa. Keumbu ni soko la kando ya barabara ya Kisii kwenda Keroka, na sikutarajia kukuta watu wakishughulika namna ile na inchi tatu za mwanzi. Betri ikawekwa, nikalipa, nikabaki.

Mwenye kibanda aliniruhusu kuandika maneno yake lakini si jina lake. Sababu nitaieleza mbele, kwa kuwa ndiyo iliyoninyima usingizi. Hapa nimwite Fundi tu, kama soko zima linavyomwita.

Fimbo kama hii ni ya kuvulia trauti, nao hawapatikani Keumbu. Samaki huyu aliletwa Kenya na walowezi: mwaka 1905 Ewart Grogan alileta mayai yake kutoka Loch Leven, Uskoti, yakapelekwa mto Gura katika milima ya Aberdare. Akasambazwa katika mito baridi ya nyanda za juu, serikali ya kikoloni ikajenga kituo cha kuzalisha vifaranga kule Kiganjo karibu na Nyeri mwaka 1948, na kanuni ikawa kwamba avuliwe kwa nzi bandia tu, yaani ndoano iliyovishwa manyoya na nyuzi ifanane na mdudu. Mnyoo ulikuwa marufuku. Upande wetu huu trauti walikuwa Kericho, katika Kiptiget, Itare na vijito vingine vinavyoshuka kutoka Mau. Na Kericho, kama ajuavyo kila msomaji wa Gusii, ni nadra ukoo usiokuwa na mtu aliyewahi kwenda huko kutafuta riziki kwenye chai.

Fundi hakuchuma chai. Aliajiriwa akiwa kijana katika nyumba ya meneja, akapiga pasi siku sita za wiki, na siku ya saba akabeba mfuko na wavu ukingoni mwa Kiptiget. Huko ndiko alikojifunza kuunganisha fimbo, kuikausha na kuirudisha kwenye ala yake. Meneja alikuwa mkali juu ya fimbo kuliko juu ya mashati, anasema.

Nilimwuliza ni nini hasa kinachoifanya fimbo hii kuwa na thamani, maana kwa macho yangu ilikuwa ufito. Hakunijibu. Aliichukua ile ncha, akaigeuza nione pale ilipokatwa, akanikabidhi kioo anachotumia kukagulia saa.

Ndani ya kile kioo niliona duara ambalo si duara. Ni umbo la pembe sita, na ndani yake mistari sita myembamba inayokutana katikati. Mwanzi mzima una uwazi ndani, huu hauna. Mtengenezaji aliupasua mwanzi kuwa vibanzi, akavichonga vibanzi sita kila kimoja kiwe na pande tatu, akavipunguza unene kidogo kidogo kuanzia kitakoni hadi nchani, kisha akavigandisha pamoja, ganda la nje la mwanzi likibaki nje. Nguvu ya mwanzi iko katika nyuzi zilizosongamana chini ya ganda. Anayelichonga ganda hilo ameitupa nguvu yenyewe. Mafundo ya kibanzi kimoja hayawekwi mkabala na ya jirani yake, yasije yakaacha mahali pamoja dhaifu. Vipimo vya uchongaji huo huhesabiwa kwa sehemu ya elfu ya inchi. Nilipapasa ile fimbo kutoka juu hadi chini nikitafuta maungio kwa ukucha. Sikuyapata.

"Kama ukucha wako ungekwama," akasema Fundi, "ningemrudishia kijana mali yake aende."

Mwanzi unaotumika ni wa Uchina, kutoka bonde la mto Sui katika mkoa wa Guangdong. Fimbo nyingi zilizokuja kwetu zilitoka Uingereza, hasa kwa kampuni ya Hardy ya mji wa Alnwick, iliyoanzishwa mwaka 1872, ambayo fimbo zake za mwanzi ziliuzwa kwa jina la Palakona. Mwisho wa enzi hizo ulikuja kwa haraka. Mwaka 1950 Marekani ilipiga marufuku bidhaa za Uchina, watengenezaji wa huko wakakosa mwanzi. Tayari fimbo za nyuzi za kioo zilikuwa zinaingia sokoni, na miaka ya 1970 zikaja za kaboni, nyepesi na zisizoogopa mvua. Mabwana wa Kericho walinunua mpya. Zile za zamani wakawaachia wapishi, watunza bustani na wabeba mifuko.

Kwa hiyo leo ziko darini. Kiambu ziko, Nanyuki ziko, na Keumbu, nimeziona. Fundi huzinunua au huziuza kwa niaba ya mwenyewe, mpwa wake akipiga picha kwa simu na kuwatumia wavuvi wa Nairobi na wakusanyaji walio ng'ambo. Si biashara ya kumtajirisha. Fimbo yenye jina la fundi mkubwa wa Marekani, kama Payne au Garrison, huuzwa kwa maelfu ya dola. Fimbo za viwandani zilizotengenezwa kwa wingi huuzwa kwa bei ambayo nauli ya kuzisafirisha inaweza kuimeza. Nyingi zinazomfikia Fundi ni za kundi la katikati.

Baada ya kupima, alianza kukagua, na hapa naomba msomaji awe na subira kama nilivyokuwa mimi.

Alishika kipande kimoja kimoja, akakiinua hadi jichoni, akakitazama kwa urefu wake akikizungusha polepole. Fimbo iliyosimamishwa ukutani miaka mingi hupinda na kubaki imepinda. Kupinda kidogo si ugonjwa, hunyooshwa kwa joto na mkono wa taratibu, lakini kusipotajwa ni uongo. Kisha akagusa viungo vya chuma, vile ambavyo wenyewe huviita feruli, vya aloi ya nikeli, shaba na zinki. Alikichukua kile kiungo dume akakisugua ubavuni mwa pua yake. Nilicheka. Hakucheka. Mafuta ya pua ndiyo kilainishi cha wavuvi tangu zamani, yanatosha na hayazidi. Akakiingiza ndani ya kiungo jike chake, akaunganisha vipande viwili, kisha akavivuta kwa mkupuo ulionyooka. Palitoka mlio mdogo, "pop", kama wa kizibo.

"Umesikia? Hii bado inashika hewa. Isipolia, imelika."

Usiizungushe kamwe ukitaka kuitenganisha, akaniambia, maana ukizungusha unapasua gundi iliyo chini ya chuma. Ikikwama, tafuta mtu wa pili, kila mmoja ashike pande zote mbili za kiungo, mvute kwa pamoja. Na usimruhusu mteja asukume ncha kwenye dari ili aone inavyopinda. Mteja wa namna hiyo mwonyeshe mlango.

Akaichezesha kidogo hewani, sikio limeelekea kwenye viungo. Akasikiliza kama kuna kitu kinachogonga. Akaangalia nyuzi za hariri zinazofunga pete za kupitishia mshipi: zilikuwa za kijani kibichi, zimefifia, mbili zimekatika. Nyuzi si tatizo kubwa, anazifunga upya mwenyewe, na kwa macho yake yalivyo bado anafunga vizuri kuliko ninavyofunga kamba za viatu. Vanishi ilikuwa imeumuka mahali pawili. Hapo ni unyevu, akasema. Mtu aliirudisha kwenye ala ingali mbichi, akafunga. Gundi za zamani zilitokana na wanyama, na mvua za Kisii hazizionei huruma.

Alichoshukuru ni kwamba hakuna aliyeipaka vanishi ya makochi. Aliwahi kuletewa fimbo iliyong'arishwa na seremala kwa nia njema, maandishi ya mtengenezaji yakafutwa kwa msasa, na mnunuzi akaikataa kabla hata hajaigusa.

Sasa tukarudi kwenye zile inchi tatu. Ncha ndiyo sehemu nyembamba kuliko zote, nayo huvunjika mlangoni mwa gari, chini ya kiatu, kwenye mti. Wengi wakishavunja hukata palipovunjika, hubandika pete mpya juu, na maisha huendelea. Lakini unene umekokotolewa kwa urefu wote. Ukiondoa inchi 3 za mwisho, umeondoa sehemu inayopinda mapema kuliko zote, fimbo inakuwa ngumu na hairushi tena mshipi kama alivyokusudia mtengenezaji. Mkusanyaji hukata bei vibaya sana. Zipo fimbo ambazo vipande vyake havilingani tangu kiwandani, kwa hiyo utepe peke yake hauhukumu. Hii haikuwa mojawapo, kwani pete ya juu ilifungwa kwa uzi wa rangi nyingine.

"Fimbo nzuri zilikuwa zikiuzwa na ncha mbili," Fundi akamwambia kijana. "Nyumbani hakuna kipande kingine chembamba? Uliza."

Kijana akampigia shangazi yake. Mazungumzo yalikuwa ya Ekegusii, ya haraka, na nilichonasa kilitosha. Kulikuwa na bomba la chuma jeupe, refu, limefungwa mdomo. Lilikuwa zito kidogo. Lilishauzwa kwa mnunuzi wa chuma chakavu.

Fundi alinyamaza, kisha akafungua daftari la shule. Huko ndiko anakoorodhesha kasoro, moja baada ya nyingine, kabla ya kuandika sifa yoyote: ncha fupi kwa inchi 3, nyuzi mbili zimekatika, vanishi imeumuka, kitako kina alama za parachichi. Hayo ya parachichi aliyaandika kweli. Ukurasa huo hupigwa picha na kumwendea mnunuzi pamoja na picha za fimbo. Nilimwambia wauzaji wengine wangeanza na mazuri. Akanijibu kwamba mteja akigundua kasoro moja aliyofichwa, atatafuta kumi ambazo hazipo, na fimbo itarudi kwa gharama ya nani?

Lakini kuna kitu kimoja ambacho daftari halikitatui, nacho ndicho kilichomfanya alifiche jina lake.

Wanunuzi hutaka kujua fimbo ilikuwa ya nani na ilifikaje mkononi mwa muuzaji. Ni haki yao, kwani vitu vya thamani huibwa. Herufi na nambari zilizogongwa kwenye fimbo zinaweza kueleza iliacha kiwanda lini. Haziwezi kueleza asubuhi ile meneja alipokuwa akipakia masanduku ya kurudi kwao, akamwita mbeba mfuko wake, akampa fimbo mkononi na kumwambia ni yako. Hakuandika karatasi. Nani angeandika? Miaka mingi baadaye Fundi alipotaka kuiuza, aliulizwa barua. Hakuwa nayo. Mnunuzi akanyamaza, na kimya hicho Fundi anakikumbuka kuliko bei yoyote aliyowahi kulipwa.

"Mzungu akiuza fimbo ya babu yake haulizwi barua, mwanangu. Anasema ni ya babu, basi inakuwa ya babu. Mimi nikisema nilipewa, naulizwa nani aliona."

Nilitaka kumwambia kwamba si wanunuzi wote walio hivyo. Sikuwa na uhakika, nikanyamaza. Fimbo yake hiyo hajaiuza mpaka leo. Hataki jina lake litokee gazetini karibu na mali iliyokuwa ya bwana, kwa sababu anajua kuna atakayesoma na kutia neno lake mwenyewe mahali pa "alipewa". Je, ni wazee wangapi wamezikata kuni kwa woga huo huo?

Fundi alikuwa pia na swali la mianzi. Mwaka 2020 serikali iliuweka mwanzi katika orodha ya mazao, na kando ya vijito vya Gusii unapandwa. Mau umejaa wa kwetu wa asili. Mbona sote tunafikiria ua, ngazi na vijiti vya meno tu? Alisema angekuwa na macho ya ujana angepasua mmoja vibanzi sita ajionee mwenyewe. Mpwa wake alikuwa akitazama simu.

Mapatano yalifikiwa: Fundi ataiuza kwa niaba ya kijana, achukue sehemu yake ikishalipwa. Kabla ya kuachiana, alimgeuzia daftari na kumpa kalamu. Siku hizi humtaka kila anayeleta fimbo aandike kwa mkono wake ilitoka wapi: jina la mzee, shamba alilofanyia kazi, nani alimpa, mwaka gani. Kijana aliandika jina la babu yake. Akaandika Kericho. Mistari miwili iliyofuata aliiacha wazi, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwuliza babu.

Basi wewe unayesoma, kama nyumbani kwenu yuko mzee aliyefanya kazi Kericho, Limuru au Nanyuki na ana ufito wa ajabu darini, mkalishe leo umwulize alipewa na nani, uandike, atie sahihi na shahidi atie yake. Usiipake chochote hiyo fimbo, usiisimamishe ukutani, itundike penye hewa ndani ya mfuko wa kitambaa. Na ukiona bomba lolote refu limefungwa mdomo, lifungue kwanza kabla mwenye mizani ya chuma chakavu hajafika.