Mpishi Akishukiwa Kulewa Kazini

Vikundi vingi vya kujisaidia vimefungua hoteli ndogo sokoni au karibu na steji ya matatu. Chai na mandazi huwa tayari alfajiri, na pesa kidogo kidogo huingia katika sanduku la kikundi. Halafu siku moja mnong'ono unaanza: "Huyu mpishi wetu anakunywa." Mtafanya nini?

Katika kutembelea vikundi tumeona makosa mawili. Wengine humfukuza mpishi papo hapo mbele ya wateja. Wengine hunyamaza kwa sababu ni mtoto wa mwanachama. Kosa la kwanza laweza kumnyima mtu kazi bila hatia. La pili laweza kumwagia mtu mafuta moto.

1. Mwondoeni karibu na moto
Mtu akiyumba kando ya karai la mafuta, msingoje mkutano wa kamati. Mwiteni kando kwa upole, na mwingine ashike mwiko. Hapa hamhitaji ushahidi wa pombe. Kule kuyumba kunatosha. Msimpe kahawa eti arudi kazini. Kahawa haiondoi pombe mwilini. Mwili wenyewe huiondoa polepole, saa baada ya saa. Tena msimwache aende peke yake barabarani. Mtu amsindikize mpaka nyumbani.

2. Si kila anayeyumba amelewa
Dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu lina mvua. Mgonjwa wa kisukari ambaye sukari yake imeshuka hutetemeka, hutoka jasho na kuongea ovyo kama mlevi. Mwenye kifafa huchanganyikiwa baada ya kuanguka. Nalo jiko la makaa katika chumba kisichopitisha hewa hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka, nayo huleta kizunguzungu na kuumwa kichwa. Kwa hivyo fungueni madirisha, na mumwulize kama ni mgonjwa au ametumia dawa.

Akikosa kuamka, au akisema macho hayaoni vizuri, mkimbizeni hospitali. Pombe iliyotiwa methanoli hupofusha na kuua. Mwezi wa Mei 2014 iliua watu wengi huko Embu, Kitui, Makueni na Kiambu.

3. Andikeni mlichoona
Msiandike "ni mlevi". Andikeni tarehe, saa, na jambo lenyewe: aliyumba, alimwaga chai, alinuka pombe, na nani aliona. Uvumi wa sokoni usiingie kitabuni.

4. Msikilizeni akiwa timamu
Kesho yake, mwenyekiti na mwanachama mmoja wakae naye faraghani. Semeni hivi: "Ndugu, jana asubuhi tulikuona ukiyumba karibu na karai. Kulikuwa na nini?" Kisha nyamazeni, aseme.

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 44, inakubali mfanyakazi kuachishwa kazi mara moja akilewa saa za kazi hata ashindwe kufanya kazi yake. Lakini kifungu cha 41 kinataka kwanza aelezwe kosa kwa lugha anayoielewa, akiwa na mfanyakazi mwenzake aliyemchagua mwenyewe, na asikilizwe. Hata akiachishwa, alipwe siku alizofanya kazi. Kikundi kisichofuata haya chaweza kushtakiwa na kulipa fidia, na fidia hiyo itatoka katika lile lile sanduku la kikundi.

5. Akikubali ana shida, msaidieni
Mliyozoea kuita tabia mbaya mara nyingi ni ugonjwa. Mnywaji wa kila siku asiache ghafula akiwa peke yake, maana aweza kutetemeka na hata kupatwa na kifafa. Aanzie hospitalini. NACADA pia ina simu ya bure, 1192. Mpeni kwa muda kazi iliyo mbali na moto na visu, na muandike mapatano: atafanya nini, kwa muda gani, na ikirudiwa itakuwaje. Wote mtie sahihi.

Yule mchungaji aliacha kondoo tisini na tisa akamtafuta mmoja aliyepotea. Nasi tumtafute aliyepotea, huku tukilinda jikoni.

Ya kuzungumzia kikundini:
- Je, hoteli yetu ina kanuni kuhusu pombe, na kila mfanyakazi ameelezwa?
- Jikoni kwetu hewa inapita?
- Mpishi akiwa ni ndugu yetu, tutafuata hatua hizi hizi?