Kima, Papa na Mtoto Anayejifunza Kusoma

Mwaka 1870 mmisionari wa Kiingereza, Edward Steere, alichapisha London kitabu cha hadithi alizozikusanya Zanzibar. Mojawapo ni ile ya kima aliyefanya urafiki na papa kwa kumrushia matunda kutoka mtini, akapanda mgongoni mwake kwenda kumtembelea, na walipofika katikati ya bahari akaambiwa kuwa sultani wa huko ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima akasema moyo kauacha nyumbani, juu ya mti. Papa akageuza. Watoto wa pwani wamelala na hadithi hiyo vizazi na vizazi, lakini kitabu cha Steere hakikuwa chao. Kiliwalenga wageni waliokuwa wakijifunza Kiswahili.

Karne moja na nusu baadaye, mtoto wa Afrika Mashariki bado huingia darasa la kwanza akiwa na hadithi tele kichwani, kisha hukuta vitabu vichache mno kwa lugha anayoielewa. Hata Tanzania, ambako Kiswahili ndicho lugha ya shule ya msingi, mtoto wa kijiji cha Wasukuma au Wamasai aghalabu hukutana nacho sawasawa mara ya kwanza mbele ya ubao. Makadirio ya Benki ya Dunia ya mwaka 2022 yanaonyesha kuwa katika Afrika kusini mwa Sahara, watoto 89 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 10 hawawezi kusoma na kuelewa habari fupi. Madarasa yamefurika, walimu ni haba, na wapo wanafunzi wanaoshinda njaa. Ila hata mambo hayo yakirekebishwa, mtoto hatajua kusoma kama hana cha kusoma anachokielewa.

Magharibi mwa Kenya kulipatikana funzo zito kuhusu jambo hili. Kuanzia mwaka 1996, baadhi ya shule za wilaya za Busia na Teso ziligawiwa bure vitabu rasmi vya kiada. Wachumi Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin walifuatilia matokeo na kuyachapisha mwaka 2009: kwa wastani, alama za wanafunzi hazikupanda. Walionufaika ni wale waliokuwa tayari wanaongoza darasani. Vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, ambacho kwa wengi wa watoto hao ni lugha ya tatu baada ya lugha ya nyumbani na Kiswahili, na wengi walishindwa kuvisoma.

Kusoma ni kazi mbili zinazokwenda pamoja. Jicho hutambua herufi na kuziunganisha kuwa sauti. Akili hutafuta maana. Kwa mwanafunzi anayeanza, kazi ya kwanza humaliza nguvu zote. Mwangalie anavyopambana na neno "anamrushia": a-na-m-ru-shi-a. Akifika silabi ya mwisho, ya kwanza imeshamtoka. Kama lugha ni ngeni na kisa hakijui, hana pa kushika. Lakini akijua kuwa kima yuko juu mtini na papa yuko chini anasubiri tunda, neno hilo hulikisia nusu, na herufi zikamthibitishia nusu iliyobaki. Hiyo ndiyo faida kubwa ya hadithi ya jadi darasani. Nyingi pia zina kibwagizo au wimbo unaorudiwa, na neno linalorudi mara kwa mara katika kitabu kifupi hatimaye mtoto hulitambua kwa kulitupia jicho tu.

Hata hivyo, hadithi ya mdomo haihamishiwi kitabuni kama ilivyo. Msimulizi ana sauti, mikono na macho. Mwandishi ana picha na maneno machache. Kwa Steere, kisa cha kima na papa kimebeba kisa kingine ndani yake, cha punda wa dobi, na msomaji anayeanza atapotea humo. Mwandishi anayewajua watoto atakiondoa, abaki na kima, papa, mti na bahari. Ukurasa wa kwanza: "Kima yuko mtini." Wa pili: "Papa yuko majini." Wa tatu: "Kima anatupa tunda." Hapo "anamrushia" limepisha neno jepesi zaidi.

Wanaopanga vitabu kwa viwango kwa kuhesabu maneno, kama ilivyozoeleka kwa Kiingereza, hukosea katika Kiswahili, Kiganda au Kinyarwanda, kwa kuwa neno moja laweza kubeba sentensi nzima. Busara ni kuhesabu silabi. Picha nayo lazima iseme kile kile kinachosemwa na sentensi: tunda lionekane liko hewani, lisiwe bado mkononi.

Kisa nacho kifuate mahali. Mtoto wa Turkana huenda hajawahi kumwona papa, ila mamba wa ziwani kwao anamjua. Na pale ambapo lugha ina lahaja kadhaa, au tahajia yake haijakubaliwa na wote, wazee, walimu na wataalamu wa lugha hawana budi kukaa na kuelewana kabla ya mashine ya kuchapa kuwashwa. Vinginevyo kitabu kitapokewa kijiji kimoja na kukataliwa cha jirani.

Kikwazo kikubwa ni pesa. Mchoraji, mhariri na msanifu wa kurasa hulipwa kiasi kile kile, kitabu kichapishwe nakala 500 au 50,000. Lugha yenye wasemaji wachache hairudishi gharama hizo kwa mauzo, na mchapishaji wa kibiashara hukimbilia kitabu cha kiada kitakachonunuliwa na serikali. Agnès Gyr-Ukunda alithubutu kufuata njia nyingine. Mwaka 1995, mwaka mmoja tu baada ya mauaji ya kimbari, alianzisha nchini Rwanda Éditions Bakame, kampuni ya kuchapisha vitabu vya watoto kwa Kinyarwanda. Bakame ni sungura mjanja wa ngano za Rwanda, yule yule ambaye Waluo humwita Apuoyo. Mwaka 2008 kampuni hiyo ilitunukiwa tuzo ya kimataifa ya IBBY-Asahi ya kuhamasisha usomaji.

Njia nyingine ilifunguliwa mwaka 2014, taasisi ya Saide ya Afrika Kusini ilipozindua mpango wa African Storybook. Hadithi na michoro huwekwa mtandaoni kwa leseni huria, na mwalimu yeyote anaruhusiwa kuzipakua, kuzichapa, kuzitafsiri na kuzirekebisha bila kulipa. Mchoro hugharamiwa mara moja, kisha hutumika kwa Kiswahili, Kiluo, Kiturkana, Kiganda na nyingine nyingi. Lugha zimeshapita 200. Miongoni mwa walioandika humo ni Ursula Nafula wa Kenya na Rukia Nantale wa Uganda, ambaye hadithi yake ya Simbegwire, binti aliyefiwa na mama na kulelewa na mama wa kambo, imeenea katika lugha nyingi.

Kitabu bado kinahitaji mwalimu aliyeandaliwa. Kaskazini mwa Uganda, shirika la Mango Tree liliendesha mradi wa kufundisha kusoma kwa Kilango, likatoa vitabu, mbao ndogo za kuandikia na mafunzo ya karibu kwa walimu. Watafiti Jason Kerwin na Rebecca Thornton waliulinganisha mradi kamili na mradi uliopunguzwa gharama. Katika mradi kamili watoto walipiga hatua kubwa mno katika kusoma. Vifaa na usimamizi vilipopunguzwa, faida ya kusoma ilishuka, na katika baadhi ya vipengele vya kuandika watoto wakawa nyuma ya wenzao ambao hawakupata mradi wowote.

Basi wizara zinazonunua vitabu vya kiada zitenge fungu la vitabu vya hadithi kwa lugha za watoto wenyewe, pamoja na fungu la kuwaandaa walimu. Shule zifungue makabati. Kitabu kinachofungiwa kwa hofu ya kuchakaa hakimsaidii mtu, na mtoto aruhusiwe kwenda nacho nyumbani. Bibi asiyejua kusoma naye ana nafasi yake: amsimulie mjukuu hadithi ya kima na papa usiku, na kesho yake ampe kitabu, amwombe amsomee.